Mafuta Chini ya Ngozi

Jamani, kabla hujasogeza kidole kwenda kwingine, subiri kwanza. Kilichotokea kwenye maabara ile hutaamini. Mimi mwenyewe nilipopigiwa simu na kuhadithiwa nilikata, nikapiga tena, nikasema hebu rudia. Mashine ilimtaja mtu! Haina mdomo, haina masikio, imefungwa boliti kila upande kama inaogopa kuibiwa, na bado ilimtaja mtu mbele za watu. Na huyo mtu hakuna hata mmoja aliyekuwa anamfikiria. Haya, twende.

Asubuhi ile Pua alifika getini na simu mkono wa kulia, chai ya kikombe cha karatasi mkono wa kushoto. Pua ni jina la kazi. Ni mpelelezi wa kujitegemea, ofisi yake chumba kimoja juu ya duka la fotokopi. Watu walimpa jina hilo kwa tabia yake ya kuiingiza pua mahali ambapo haijaalikwa. Ukubwa wake nao ulisaidia.

Mlinzi wa mlango wa ndani akamnyang'anya chai.

"Hamna kula, hamna kunywa, hamna kupaka. Osha mikono mpaka viwiko, simama kwenye mstari mwekundu, nyoosha viganja usubiri kukaguliwa."

"Mimi mpelelezi, bwana."

"Hata ungekuwa rais. Daktari anakagua wote."

Hapo ndipo shida ya Pua ilipoanzia. Daktari wa pale hatibu watu. Ni daktari wa vitu, mwanamke aliyesoma chuma mpaka chuma kikamkoma. Na nje ya geti lile ana cheo kingine kabisa: ni mama mkwe wa Pua.

Akatokea na koti jeupe, kofia ya plastiki imebana nywele zote, na kipande cha kioo safi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Bonyeza hapa."

Pua akabonyeza vidole kwenye kioo. Mama Mkwe akakiinua kwenye taa, akafumba jicho moja, akaitazama ile alama kama mtu anayekagua almasi.

"Umepaka nini?"

"Maji tu, mama."

"Na kichwani?"

"Kichwani... kidogo."

"Kidogo! Vaa kofia. Ukijikuna humu ndani nakutoa mwenyewe."

Watu wa maabara ile unawajua hata ukiwakuta sokoni. Mikono yao imepauka kama wametoka kuchota unga. Hakuna mafuta, hakuna losheni, mwaka mzima. Anayeingia na mafuta mkononi anarudi kwao na harudi tena. Ndiyo kanuni. Aliiweka Mama Mkwe mwenyewe, na kwa kanuni hiyo alishafukuza watu, akiwemo dada mmoja aliyelia mpaka mlinzi naye akalia. Mikono ya Mama Mkwe ndiyo ilikuwa mibaya kuliko yote. Imepasuka kwenye vifundo, mistari myekundu, ukiitazama unajisikia kuumwa wewe.

Pua akaitazama. Akapelekwa kwa meneja.

Meneja alikuwa mnene, mlaini, ananukia vizuri, na alipompa Pua mkono ilikuwa kama kushika mkate wa moto. Mezani kwake kulikuwa na simu tatu, picha ya watoto, na tyubu ya mafuta ya mikono yenye kifuniko cha kijani. Yeye hukaa upande wa ofisi, kanuni ya mafuta haimhusu.

"Mpelelezi, sikukuita unipe hadithi," akasema. "Mtu ninaye. Nataka wewe uthibitishe tu. Polisi wanakuja saa nane, na saa hiyo hiyo wageni wananipigia simu."

"Nieleze kwanza, bosi. Polepole."

Meneja akavuta droo, akatoa kijikopo cha kioo. Ndani kulikuwa na kisahani cha chuma, ukubwa wa sarafu, kinang'aa rangi ya dhahabu upande mmoja. Upande wa pili dhahabu ilikuwa imebanduka, chuma kiko uchi.

"Hii rangi unayoiona si dhahabu. Ni ngozi. Ndivyo tunavyoiita hapa. Nyembamba, chukua unywele mmoja uupasue mara elfu. Tunaivalisha kwenye nyonga za chuma, zile wanazowekewa wagonjwa, zisilike. Daktari kaifanyia kazi tangu nywele zake ni nyeusi. Wiki iliyopita wageni wakaja kuiona. Watu wa kununua nyonga za hospitali nyingi. Mmoja akatoa selotepu mfukoni. Selotepu, ya kufungia zawadi! Akabandika, akavuta."

"Ikabanduka."

"Ikatoka kama ganda la yai. Mbele yangu!" Meneja akajifuta shingo. "Daktari akakiweka kisahani kwenye mashine ya eksirei pale palipobanduka. Mashine ikasema kuna silikoni. Silikoni kwenye chuma haina kazi ila kuteleza, na inatoka kwenye mafuta ya kujipaka. Sasa kisahani kilipotoka kwenye tanuri kimevalishwa ngozi, kilishikwa na mtu mmoja tu. Mpiga Picha. Kabatini kwake tukakuta kopo la mafuta. Na simu yake ina namba ya wapinzani wetu."

"Kwa hiyo hujuma."

"Wewe umesema."

Pua akaandika kwenye simu yake kwa kidole gumba: *Selotepu. Kopo. Wapinzani.* Akaomba kuonana na huyo Mpiga Picha.

Walikuwa wamemkalisha stoo, kati ya mitungi ya gesi na maboksi ya glavu. Kijana mwembamba, macho mekundu. Anaitwa Mpiga Picha kwa sababu ndiye anayeendesha mashine ya eksirei, na kitambulisho chake kilishachukuliwa. Shingoni ilibaki kamba tupu.

"Kopo la mafuta ni la nani, mdogo wangu?"

"La mtoto. Ana wiki tatu, kaka. Nilinunua asubuhi wakati nakuja, nikaliacha kabatini limefungwa. Hata utepe wake haujakatwa."

Pua akalitoa kopo kwenye mfuko wa ushahidi. Kweli, utepe ulikuwa haujakatwa.

"Na wapinzani?"

"Walinipigia kuniuliza kama nataka kazi. Nikasema hapana."

"Ulisema hapana mara moja?"

Mpiga Picha akaishika ile kamba tupu ya shingoni. "Nilisema nitafikiria. Halafu nikasema hapana."

"Kwa nini ulisema utafikiria?"

"Kaka, nimekuambia nina mtoto wa wiki tatu."

Pua hakucheka. Akavuta boksi akakalia. "Hii mashine yako inaonaje mafuta ambayo jicho halioni?"

Kijana akaamka kabisa, kama mtu aliyeulizwa habari za mchumba wake. "Eksirei ya hospitali inapita nyama, inaona mfupa. Yetu haitaki mfupa. Inataka kile cha juu kabisa. Ukikipiga chuma kwa eksirei kinatema elektroni. Za chini zinakwama njiani, hazitoki. Zinazotoka ni za juu tu. Na kila kitu kinatema kwa kasi yake. Chuma kasi yake, titani kasi yake, silikoni kasi yake. Sisi tunakaa mlangoni tunatazama nani katoka anakimbia vipi."

"Kama mlinzi anayewajua watu kwa mwendo."

"Hapo hapo."

"Sasa mlinzi kasema silikoni. Na wewe ndiye uliyeshika."

"Walipima pale palipobanduka!" Mpiga Picha akasimama, akagonga kichwa kwenye rafu, hakujali. "Pale pamepitiwa na gundi ya selotepu, pamepitiwa na vidole vya wageni, pamepumuliwa na kila mtu. Si pangesema chochote? Pimeni upande ambao ngozi bado iko! Mpime juu, halafu mkwangue, mpime, mkwangue, mpime. Kama mafuta ni yangu yatakuwa juu, kwa sababu mimi nilishika ngozi ikiwa imeshavalishwa. Kama yako chini..."

"Mtu aliyapaka kabla ya ngozi."

"Kabla ya tanuri. Na mimi kabla ya tanuri sikigusi."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Nikaambiwa mtuhumiwa haelekezi upelelezi."

Meneja alikataa, bila shaka. Eti kukwangua ni kuharibu ushahidi. Pua akamwambia sawa, hamna neno, ataandika kwamba meneja alikataa kipimo, na wageni wakiuliza kwa nini, meneja ataeleza mwenyewe. Meneja akatoa kijikopo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelamba betri.

Chumba cha mashine kilikuwa baridi na kinanguruma. Mashine yenyewe ni chuma kitupu cha kung'aa, mabomba, madirisha madogo ya duara. Mama Mkwe alikuwa anawasubiri. Mpiga Picha alisimamishwa nyuma ya mstari mwekundu, mlinzi ubavuni.

"Huyu nimemfundisha mimi," Mama Mkwe akasema bila kumtazama. "Hata kushika kibano nilimshika mkono. Kama ni yeye, sijui nitamwita nani."

"Kama siye, mama?"

"Basi mashine itasema."

Akatoa glavu kwenye boksi, akavaa. Pua akamtazama kwa makini. Alivaa moja, akaivuta kidole kwa kidole mpaka ncha zikakaa, kisha ya pili, vile vile, kidole kwa kidole. Akakichukua kisahani kwa kibano, akakifunga kwenye kishikio, akakiingiza kwenye chumba kidogo cha mashine, akafunga mlango. Pampu ikaanza kuvuta hewa.

"Sasa?" Meneja akauliza.

"Sasa tunasubiri. Mpaka ndani pabaki patupu. Hewa haiharakishwi na cheo cha mtu."

Wakasubiri. Meneja akatoka kupokea simu. Pua akasogea karibu na mama mkwe wake, lakini si karibu sana.

"Mama, naomba nikuulize."

"Uliza. Ila uniulize kama mpelelezi. Ukiniuliza kama mkwe utaniuliza kwa haya na hatutafika."

"Kisahani hiki kabla ya tanuri kilioshwa na nani?"

"Mimi. Vingine vinaoshwa na mashine. Cha kuonyesha wageni nakiosha mwenyewe kwa spiriti, nakikausha mwenyewe, nakiingiza tanurini mwenyewe."

"Chumba cha kuoshea anaingia nani mwingine?"

Akavuta kamba shingoni mwake. Mwishoni kulikuwa na ufunguo mmoja. "Hakuna."

"Siku hiyo hakukuwa na jambo la ajabu?"

"Hakukuwa na jambo. Tena siku hiyo ilikuwa nzuri. Jumatatu. Mikono haikuniuma hata kidogo. Nikasema leo mikono imenitii, kazi itatoka safi." Akaitazama, akaificha mifukoni mwa koti. "Kesho yake ikaanza tena."

Pua akaandika: *Jumatatu. Haikuuma.*

Taa ya kijani ikawaka. Mama Mkwe akakaa kwenye kiti, akabonyeza. Kwenye skrini mstari ukaanza kupanda na kushuka, milima na mabonde. Akaonyesha kwa ncha ya kalamu. "Titani. Naitrojeni. Hiyo ndiyo ngozi yenyewe. Hapa ndipo silikoni ingesimama."

Pale palikuwa tambarare.

"Juu ni safi," Mpiga Picha akasema kutoka kwenye mstari. Sauti ilimtoka kama ya mtoto.

"Nyamaza," Mama Mkwe akamwambia. Lakini Pua aliona bega lake limeshuka kidogo.

Wakaanza kukwangua. Mashine inarusha gesi kwenye ngozi kama mchanga unavyorushwa kwenye ukuta wenye rangi kuukuu, inamenya kidogo, inatulia, inapiga eksirei, inachora. Inamenya tena. Titani. Naitrojeni. Tambarare. Titani. Tambarare. Meneja alirudi, akapiga miayo, akatoka, akarudi. Mlinzi alichoka kusimama, akaegemea ukuta, akakaripiwa asiuguse.

Halafu mlima wa titani ukaanza kushuka. Wa chuma ukaanza kuchungulia. Na katikati yao, pale palipokuwa tambarare asubuhi yote, pakainuka kitu. Kidogo tu. Kama kichuguu.

Mama Mkwe akahamisha kisahani, akachagua sehemu nyingine, akakwangua upya mpaka chini. Kichuguu kile kile, mahali pale pale, ngozi inapoishia na chuma kinapoanzia.

"Kilikuwa chini," Pua akasema.

"Chini." Mama Mkwe hakugeuka. "Chuma kilikuwa na mafuta kabla hakijaingia tanurini. Ngozi ikakaa juu ya mafuta. Ndiyo maana haikushika."

Mpiga Picha akachuchumaa pale pale alipo, akafunika uso. Mlinzi akampigapiga mgongo, akakumbuka kazi yake, akaacha.

"Vizuri sana," Meneja akasema. "Tumejua nani hakufanya. Mimi nataka nani kafanya. Jina moja, mpelelezi. Hapa kaharibu mtu, na huyo mtu anakwenda na polisi, awe nani, awe wapi. Nikikosa jina jipya, nabaki na hili la zamani." Akamwonyesha Mpiga Picha kwa kidevu. "Wageni hawaelewi vichuguu. Wanaelewa jina."

"Sawa, bosi. Tuanze na wewe."

"Na mimi?"

"Naomba ile tyubu ya kijani iliyo mezani kwako."

Ungemwona Meneja! Mashavu yalibadilika rangi. Mlinzi akaileta tyubu ndani ya mfuko wa plastiki, ikaishia kwenye mstari mwekundu. Mpiga Picha akasoma mgongo wake kwa sauti, maneno madogo madogo yale ambayo hakuna mtu husoma. "Maji... glisirini... dimethikoni. Hiyo hapo! Dimethikoni ndiyo silikoni yenyewe. La mtoto wangu halina hiyo, someni."

Kopo likasomwa. Halikuwa nayo.

"Unanishuku mimi?" Meneja akafoka. "Mimi niliyekuita?"

"Nilishaitwa na wezi, bosi. Chumba cha kuoshea uliingia lini mara ya mwisho?"

"Sijawahi! Muulize Daktari!"

"Hajawahi," Mama Mkwe akasema. "Hana ufunguo, na hapiti pale mlangoni, tumbo litagusa fremu."

Mlinzi alikohoa, akatazama dari.

Basi hapo ndipo mambo yalipokwama. Mlango mmoja. Ufunguo mmoja. Shingo moja. Na mikono ile, mikavu kuliko chaki.

Pua akajikuna kwenye kofia, akashtuka, akashusha mkono. "Mama. Wote wanakaguliwa na wewe. Na wewe unakaguliwa na nani?"

Mashine tu inanguruma.

"Sikaguliwi," Mama Mkwe akasema polepole. Akavua glavu, akachukua kile kioo cha asubuhi, akaubonyeza mkono wake wote, akakiinua kwenye taa mbele ya macho ya kila mtu. Kilikuwa kitupu. "Unaona? Mikono hii haijajua mafuta tangu mke wako hajaanza shule."

Meneja akaachia pumzi. "Basi tumerudi kwa kijana."

Lakini Pua hakuwa anatazama kioo. Alikuwa anatazama tyubu. Kile kifuniko cha kijani. Alishakiona mahali, na si ofisini kwa Meneja. Akafungua simu, akaingia kwenye picha, akarudisha nyuma kwa kidole, picha ya risiti, ya gari la jirani, ya mtoto wake amevaa sufuria kichwani. Akasimama kwenye ya Jumapili, siku moja kabla ya Jumatatu ile.

Sebule yake. Mama Mkwe amekuja kula nao, ameshiba, amelala kwenye kochi mdomo wazi, miguu juu ya stuli. Mke wa Pua amepiga magoti sakafuni, ameushika mkono wa mama yake juu ya paja lake, anaupaka taratibu. Picha aliipiga Pua mwenyewe, kwa kuwa ilikuwa inapendeza. Kwenye kapeti, pembeni ya goti la mkewe, tyubu ya mafuta. Kifuniko cha kijani.

Akatoka nje ya mlango, akampigia mkewe.

"Ile tyubu ya kijani, mafuta ya mikono. Nisomee mgongoni."

"Wewe umeanza kujipaka?"

"Soma tu, mke wangu."

Akasikia droo, akasikia mtoto analia kwa mbali. "Maji, glisirini, dime... dimethi... hata haisomeki. Kwani kuna nini?"

"Jumapili ile ulimpaka mama."

"Si unajua mikono yake ilivyo? Inatoa damu! Akiwa macho hakubali, eti kanuni. Nikampaka amelala. Hata hakujua." Halafu akaelewa. Ni binti wa mama yake, haikumchukua muda. "Ee Mungu wangu. Usimwambie. Unanisikia? Ile kazi ndiyo maisha yake. Usimwambie!"

Pua akarudi ndani. Meneja alikuwa na simu sikioni, amefunika kinywa cha simu kwa kiganja. "Wageni wako hewani. Polisi wako getini. Jina."

Pua akamwendea mama mkwe wake, akampa simu yenye ile picha. Mama Mkwe akaikuza kwa vidole viwili. Kwanza akajiona amelala mdomo wazi, akakunja uso. Kisha akamwona binti yake. Kisha akaiona tyubu.

Alipoongea, alikuwa anaongea na skrini ya mashine.

"Jumatatu niliamka mikono laini. Nikadhani ni usingizi." Akachukua glavu moja kwenye boksi, akaivaa, akaivuta kidole kwa kidole. Akakatiza katikati. Akavitazama vidole vyake visivyo na glavu vilivyokuwa vimeshika ncha za glavu. "Nimeipaka kwa nje. Upande ule unaogusa chuma. Nilinawa kwa sabuni, lakini silikoni haiondoki kwa sabuni, hilo nafundisha kila mwaka. Jumatatu nikaipaka glavu, glavu ikapaka kisahani, na spiriti ikatandaza tu."

"Nani?" Meneja hakuwa amesikia vizuri. "Nani aliyepaka?"

"Mwambie, mkwe," Mama Mkwe akasema. "Mkono ni wangu. Mafuta ni ya mke wako. Mimi nilikuwa nimelala, sikujua. Ukimtaja yeye utakuwa hujadanganya. Ukinitaja mimi, pia hujadanganya. Kanuni unaijua, niliiandika mimi. Na bwana huyu na polisi wake umewasikia. Chagua, mpelelezi."

Simu ya Pua ikatetemeka mkononi mwa Mama Mkwe. Ujumbe kutoka kwa mkewe ukatokea juu ya picha, na wote wawili wakausoma kwa pamoja: *Usimwambie. Nitaje mimi.*

Meneja akaondoa kiganja kwenye kinywa cha simu. "Hallo, ndiyo, mpelelezi wetu yuko hapa, anawaambia."

Pua akaipokea ile simu ya Meneja.

"Kisahani kiliharibikia kwenye kuoshwa," akasema. "Hapakuwa na hujuma. Palikuwa na mafuta kwenye glavu, bila mwenye glavu kujua. Aliyeosha ni Daktari. Yeye ndiye anayemkagua kila mtu, na hakuna aliyekuwa anamkagua yeye."

Upande wa pili wa simu sauti ya mtu ikauliza kitu, halafu Meneja akainyakua simu akatoka nayo mbio.

Mama Mkwe akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyesomewa jibu sahihi. Akatoa kitambulisho shingoni, na ufunguo. Akavuka mstari mwekundu kwenda upande wa nje, akageuka, akanyoosha viganja mbele kama alivyowafanyia wengine miaka yote. Kile kioo akampa Mpiga Picha.

"Kagua."

"Daktari, siwezi..."

"Kagua, mwanangu. Kuanzia leo wewe ndiye unakagua. Na vaa glavu kwa kibano, usivute kwa vidole."

Kijana akakagua, machozi yanadondoka kwenye koti, akakumbuka, akarudi nyuma yasidondoke kwenye mashine.

Polisi wa getini walisikia hapakuwa na hujuma, wakageuza gari lao. Pua akamfungulia mama mkwe wake mlango wa gari. Njia nzima Mama Mkwe alikaa nyuma, mikono juu ya mapaja, viganja vimetazama juu. Walipokaribia nyumbani mke wa Pua alikuwa amesimama mlangoni, mtoto kiunoni, uso umevimba kwa kulia. Hakumtazama mama yake. Alimtazama Pua.

"Nilikuambia nini?" akamwuliza.

Mama Mkwe akashuka, akampita mkwe wake, akampa binti yake mikono yote miwili iliyopasuka. "Haya," akasema. "Leta hiyo tyubu. Leo nipake nikiwa macho."

Binti akampokea mama yake, wakaingia ndani. Mlango ukafungwa. Pua alibaki nje, funguo za gari mkononi, na hakuna aliyemwambia karibu.

Sasa nambie wewe, simu hiyo uliyoshika ungekuwa umeishika saa ile, wageni wako hewani, mama mkwe kakukazia macho, mke amekuandikia mtaje yeye: ungemtaja nani?